Mpiga Picha Peter Beard: Sura za Watu na Habari Zao

Kila mwaka, kabla ya majina ya Kidato cha Nne kupelekwa kwa ajili ya mtihani, mpiga picha huja shuleni kwetu. Hutundika shuka la buluu ukutani, huweka kiti mbele yake, nasi hupanga foleni. "Kidevu juu. Usicheke. Haya, mwingine!" Kazi ya mtu mmoja haifiki hata dakika. Picha ile ndogo huwekwa pamoja na jina la mwanafunzi, tarehe yake ya kuzaliwa na jina la shule. Wengine hulalamika kuwa wametoka wabaya, lakini hakuna anayesema kuwa amesingiziwa, maana maneno yaliyo kando ya sura yake ni yake kweli.

Nimeanza na jambo hili dogo kwa sababu nataka kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu habari za mpiga picha mmoja mashuhuri. Sura alizozipiga zilisifiwa katika nchi nyingi, lakini maneno na matendo yaliyofuatana na sura hizo yalileta ubishi ambao haujaisha hata leo, ingawa mwenyewe amekwisha kufa. Jina lake ni Peter Beard. Alikuwa Mmarekani, lakini sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kwa jirani zetu wa Kenya. Sisi tunaokaa Kilosa na Mikumi, ambao kila siku twaona magari ya wageni yakipita na kamera zikitokeza madirishani, tuna sababu nzuri ya kumjua.

KUZALIWA KWAKE NA KUJA AFRIKA

Peter Beard alizaliwa New York tarehe 22 Januari, 1938. Jamaa zake walikuwa matajiri. Babu wa mmoja wa wazazi wake alikuwa James J. Hill, yule aliyejenga reli kubwa ya kaskazini ya Marekani. Kwa hiyo kijana huyu hakupata shida ya ada wala ya chakula, na kamera aliipata angali mtoto. Tangu udogo wake alikuwa na desturi ya kuandika daftari la kila siku, na ndani yake alibandika kila kitu alichokiokota: picha, majani, vipande vya magazeti, hata wadudu waliokufa.

Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 17, alisafiri Afrika kwa mara ya kwanza. Alifuatana na Quentin Keynes, kitukuu wa Charles Darwin, yule mtaalamu tunayesoma habari zake katika somo la Bayolojia. Aliporudi kwao aliingia Chuo Kikuu cha Yale. Kwanza alitaka kusoma uganga, lakini akabadili nia na kusoma sanaa. Alimaliza mwaka 1961.

Kijana huyu alikuwa amekipenda sana kitabu cha Karen Blixen, bibi wa Kidenmark aliyelima kahawa karibu na milima ya Ngong tangu mwaka 1914 hata 1931. Basi alifunga safari mpaka Denmark kumtafuta mwandishi huyo, akampiga picha akiwa mzee sana, amekonda, macho yake yamezama. Bibi Blixen alifariki mwaka 1962. Picha zile ni miongoni mwa picha za mwisho za maisha yake. Baadaye Beard alinunua shamba jirani na mahali alipokuwa akikaa bibi huyo, akaishi humo katika mahema. Shamba hilo aliliita Hog Ranch, kwa sababu ya ngiri waliokuwa wakizurura humo.

PICHA YA MTU HUFANYWAJE?

Kabla ya kuendelea yafaa tueleze jambo moja, ili msomaji aelewe ubishi ulianzia wapi. Watu wengi husema, "Picha haisemi uongo." Wana haki kidogo, maana picha ni kazi ya mwanga. Mwanga hutoka juani au taani, hupiga uso wa mtu, hurudi, hupita katika kioo cha kamera na kuangukia kwenye filamu. Filamu za zamani zilipakwa dawa yenye chumvi za fedha, ambayo hubadilika ikiguswa na mwanga. Filamu ile hupelekwa katika chumba cha giza ikaoshwa kwa dawa, na sura hutokea. Siku hizi kamera na simu zetu hazitumii filamu, lakini kanuni ya mwanga ni ile ile. Pasipo kitu mbele ya kioo, hapana picha.

Hata hivyo mpiga picha ana njia tatu za kuitawala picha. Ya kwanza ni mahali anaposimama. Akiinama na kuelekeza kamera juu, mtu mfupi huonekana jitu. Akisimama juu ya kiti na kuelekeza chini, mtu mzima huonekana mnyonge. Ya pili ni kile anachokiacha nje. Tuseme mzee wa Kimasai amesimama kando ya kituo cha mabasi Mikumi, na shuka lake jekundu, na fimbo yake. Mpiga picha akisogea hatua mbili upande wa kushoto, basi na nguzo ya umeme havionekani tena. Atakayeiona picha hiyo London atadhani kuwa mzee yule hajapata kuona gari, kumbe alikuwa akingoja basi la kumpeleka Morogoro hospitali.

Njia ya tatu ndiyo yenye nguvu kupita zote, nayo haimo katika kamera. Ni maneno. Sura ni bubu. Msichana aliyeinamisha kichwa aweza kuwa na huzuni, aweza kuwa na haya, aweza kuwa jua linamchoma macho tu. Anayeandika chini ya picha ndiye huamua tusadiki lipi. Peter Beard aliijua sana njia hii ya tatu.

NDOVU WA TSAVO

Kazi iliyomtangaza kwanza haikuwa sura za watu bali wanyama. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Hifadhi yetu ya Mikumi kuanzishwa, alitoa kitabu kiitwacho The End of the Game. Humo alieleza jinsi reli, bunduki na mashamba ya wageni vilivyoigeuza Afrika ya Mashariki katika muda wa miaka isiyofika mia. Ni ajabu kuwa kitukuu wa mjenzi wa reli ndiye aliyelalamika juu ya reli.

Wakati huo Hifadhi ya Tsavo ilikuwa na ndovu wengi mno. Palitokea mabishano makali. Mtaalamu Richard Laws alishauri ndovu wapunguzwe kwa bunduki, asije mkubwa na mdogo wakafa njaa pamoja. David Sheldrick, aliyekuwa mlinzi mkuu wa Tsavo ya Mashariki, alitaka mambo yaachwe yajirekebishe yenyewe. Ushauri wa Laws haukufuatwa. Mwaka 1970 ukame ukaja. Miti ilikuwa imekwisha kubanduliwa maganda na kuangushwa. Majike yenye watoto hayakuweza kwenda mbali na maji, na karibu na maji hapakuwa na majani tena. Maelfu ya ndovu wakafa. Beard alipanda ndege ndogo akawapiga picha kutoka angani. Mizoga ile ilionekana midogo, imetawanyika juu ya ardhi nyekundu kama kokoto. Picha hizo alizitia katika toleo la kitabu chake la mwaka 1977, na hata leo mtu hawezi kuzitazama haraka haraka.

Lakini hapo ndipo watu walipoanza kumgombeza. Beard alipenda kusema kuwa ndovu wale ni mfano wa binadamu: kwamba watu wanazidi mno, nao watamaliza nchi kama ndovu walivyomaliza miti. Waafrika wengi waliona neno hili ni la kuudhi. Walijibu kuwa mtu mwenye shamba kubwa Ngong na nyumba Marekani hana haki ya kumwambia mkulima wa nusu ekari kuwa yeye ndiye amezidi. Sisi tunaoishi mpakani mwa hifadhi twaijua shida ya pande zote mbili. Twataka ndovu wa Mikumi wabaki, maana ni fahari yetu na huleta wageni. Twajua pia ndovu akiingia katika shamba la mahindi usiku mmoja, watu wa nyumba nzima hulala njaa mwaka mzima. Mabishano ya namna hii hayawezi kumalizwa na picha iliyopigwa kutoka angani, kwa kuwa kutoka angani mwenye shamba haonekani.

KESI YA MWAKA 1969

Miaka michache kabla ya hapo Beard alikuwa amekwisha kupata sifa mbaya ya namna nyingine. Mwaka 1969 alimkamata mtu mmoja aliyekuwa akitega wanyama kwa matanzi. Badala ya kumpeleka polisi na kuiachia sheria ifanye kazi yake, alimfunga mtu yule kwa matanzi yake mwenyewe. Mambo yalifika mahakamani. Beard alionekana na hatia, akahukumiwa kifungo, na ingawa hakukaa sana gerezani, jambo hilo lilimfuata maisha yake yote. Wenzake wenye kupenda wanyama walimwona shujaa. Wengine waliuliza swali ambalo kila mmoja wetu aweza kujiuliza: je, angemfunga hivyo tajiri wa Kizungu aliyekuja kuwinda kwa bunduki?

MWANAFUNZI WA NAIROBI

Sasa twafika kwenye habari iliyonifanya nichague kuandika juu ya mtu huyu.

Mwaka 1975 Beard alikuwa akipita katika barabara moja ya Nairobi. Akamwona msichana mrefu wa Kisomali, mwenye shingo ndefu na mwendo wa kupendeza. Akamfuata akamwuliza kama amepata kupigwa picha. Msichana aliona swali hilo ni la kijinga. Kwao picha zilikuwa tele. Beard akasema yu tayari kumlipa. Hapo msichana akafikiri, akataja kiasi cha fedha alichodaiwa chuoni kwa ada. Beard akakubali, na picha zikapigwa.

Msichana huyo alikuwa Iman Mohamed Abdulmajid, aliyezaliwa Mogadishu mwaka 1955. Baba yake alikuwa balozi wa Somalia katika nchi za nje na mama yake alikuwa daktari. Baada ya wanajeshi kutwaa serikali ya Somalia mwaka 1969, jamaa hao walikimbilia Kenya, wakaanza maisha upya. Iman aliingia Chuo Kikuu cha Nairobi, akisoma mambo ya siasa. Alijua lugha tano: Kisomali, Kiarabu, Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza.

Beard alizipeleka picha zile New York, akawaonyesha watu wa kampuni iliyoajiri wanamitindo. Wakampenda sana. Lakini Beard aliona kuwa binti wa balozi si habari ya kushangaza watu. Akawatungia waandishi wa magazeti hadithi: kwamba amemwokota nyikani akichunga ng'ombe, na kwamba hajui hata neno la Kiingereza. Iman alipofika New York mwaka huo, magazeti yalikuwa yamekwisha kupata habari hiyo, na watu wakaja kumtazama yule mchungaji wa ng'ombe. Haikuchukua muda mrefu ukweli ukajulikana, kwa sababu mchungaji mwenyewe alikuwa akijua Kiingereza vizuri, na alikuwa na mengi ya kusema.

Wasomaji wengine watasema, "Basi kuna ubaya gani? Si alipata kazi, akatajirika?" Ni kweli kwamba alifanikiwa. Alikuwa mmoja wa wanamitindo mashuhuri kabisa wa zamani zake. Alipoona kuwa wapambaji wa huko hawana poda ya kufaa ngozi nyeusi, alijichanganyia mwenyewe, na mwaka 1994 alianzisha kampuni yake ya vipodozi kwa wanawake wa rangi zetu. Lakini tutazame vizuri ile hadithi ya Beard ilichukua nini. Ilifuta kazi ya mama yake, daktari. Ilifuta utumishi wa baba yake. Ilifuta madarasa yote aliyosoma na lugha zote alizojifunza, na usiku ule waliokimbia nchi yao. Mahali pa hayo yote iliweka bahati ya kuonwa na mgeni mmoja. Tena iliwasadikisha watu wa mbali kuwa Mwafrika mzuri ni yule asiyejua kitu. Kuchunga ng'ombe si aibu. Wengi wetu tumechunga, na tutachunga tena likizo hii. Aibu ilikuwa kusema uongo juu ya mtu mwenye kinywa chake.

JAMBO HILI SI LA MBALI

Nilipoisoma habari ya Iman mara ya kwanza nilimkumbuka mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Likizo moja ya mwezi wa Juni alikuwa akichunga mbuzi wa babu kando ya barabara ya Mikumi kwenda Kilosa. Gari la wageni likasimama. Wakampa biskuti, wakampiga picha nyingi, wakaenda zao. Hapana aliyemwuliza jina. Miezi mingi baadaye picha moja ilitufikia katika simu ya mwalimu mmoja, ikiwa imepitia kwa watu tusiowajua. Chini yake paliandikwa kuwa huyu ni mtoto wa Afrika asiyejua darasa, na watu wanaombwa kumwonea huruma.

Mdogo wangu wakati huo alikuwa Darasa la Sita, na katika mtihani wa muhula alikuwa wa pili. Kaptura aliyovaa katika picha ile, ukitazama vizuri, ilikuwa ya shule. Sisi vijana tulicheka. Baba mdogo hakucheka. Yeye huuza mkaa na vitunguu ili mtoto apate madaftari, na hajapata kukosa mkutano wa wazazi hata mmoja. Babu alitaka asomewe yale maneno mara mbili. Kisha akauliza, "Nani aliwaambia?" Tukanyamaza. Akauliza tena, "Mimi nilikuwa pale chini ya mwembe. Kwa nini hawakuniamkia wakaniuliza?"

Swali hilo la babu ndilo ambalo Peter Beard alipaswa kuulizwa juu ya Iman.

WEMA WA KAMANTE

Lakini hatumtendei mtu haki tukitaja makosa yake tu. Mwaka ule ule wa 1975, mwaka wa ile hadithi ya uongo, Beard alitoa kitabu kingine ambacho twaweza kukisifu. Katika kitabu cha Karen Blixen alikuwamo kijana mmoja wa Kikuyu aitwaye Kamante Gatura. Alipokuwa mtoto alikuwa na vidonda vibaya miguuni. Akatibiwa, akapona, akawa mpishi hodari wa bibi huyo. Blixen alimwandika, na watu wa Ulaya na Marekani wakamjua Kamante kwa maneno ya mwajiri wake. Kwa muda mrefu hapana aliyemwuliza Kamante naye alikuwa akionaje.

Beard alimtafuta. Kamante akaja kukaa Hog Ranch pamoja na jamaa zake, na Beard akazikusanya hadithi zake. Kamante alisimulia habari za shamba, za bibi, za wageni waliokuja kula, na za wanyama, kama alivyozikumbuka yeye. Akachora na picha kwa mkono wake. Kitabu kikaitwa Longing for Darkness. Kwa hiyo mtu aliyeandikwa na mwingine akapata nafasi ya kusema mwenyewe kabla ya kufa kwake mwaka 1985.

Mimi naona hapa pana fumbo. Mtu yule yule, katika mwaka ule ule, alimpa mzee mmoja kinywa na akamnyima msichana mmoja kinywa chake. Kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa hakujua lililo sawa. Alijua, na alipotaka aliweza kulitenda.

DAMU JUU YA PICHA

Namna yake ya kutengeneza picha nayo ilikuwa ya peke yake. Hakuridhika na karatasi iliyotoka chumba cha giza. Alichukua picha kubwa, akaandika pembezoni mwake kwa wino, maneno madogo madogo yasiyo na mwisho. Alibandika mawe, manyoya, ngozi za nyoka na vipande vya magazeti. Mara nyingine alipaka damu ya wanyama, na hata damu yake mwenyewe. Picha moja ya mwaka 1965, iliyopigwa kando ya Ziwa Turkana, ambalo zamani hizo liliitwa Ziwa Rudolf, humwonyesha mwenyewe nusu ya mwili imo kinywani mwa mamba mkubwa aliyekufa, naye anaendelea kuandika daftari lake kana kwamba yuko mezani.

Pembezoni mwa picha zake nyingi wamechorwa simba, ndege, nyoka na watu kwa rangi za kupendeza. Kazi hiyo ilifanywa na wachoraji Wakenya waliokaa naye Hog Ranch. Picha za namna hii zimeuzwa minadani Ulaya na Marekani kwa fedha nyingi sana, na jina linalotangulia ni lake. Mwanafunzi wa sanaa na aliwaze jambo hili.

Maisha yake hayakukosa misiba. Mwaka 1977 nyumba yake ya Montauk, ufukoni mwa jimbo la New York, iliungua, na madaftari ya miaka mingi yakateketea. Mwezi Septemba mwaka 1996, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, alilisogelea kundi la ndovu. Jike mmoja akamkimbilia, akamchoma paja kwa pembe, akamkandamiza kwa kichwa hata mifupa ya nyonga ikavunjika. Alifikishwa hospitali Nairobi damu ikiwa imemtoka karibu yote, lakini akapona. Wapo waliosema ndovu wamelipa kisasi. Mimi nasema alisogea karibu mno. Kila dereva wa Mikumi aweza kumwambia mtu yeyote ni wapi pa kusimama.

Katika uzee alipatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Tarehe 31 Machi, 2020 alitoka nyumbani kwake Montauk asionekane tena. Alitafutwa siku nyingi. Tarehe 19 Aprili mwili wake ulipatikana msituni. Alikuwa na umri wa miaka 82. Mtu aliyeandika daftari karibu kila siku ya maisha yake, ili asisahau kitu, mwishoni alisahau njia ya kurudi nyumbani. Hata waliomchukia hawakufurahi kuisikia habari hiyo.

TUJIFUNZE NINI?

Zamani kamera ilikuwa mali ya wageni na ya wenye studio mjini. Siku hizi simu yenye kamera imefika mpaka vijijini, na sisi wenyewe tumekuwa wapiga picha. Kwa hiyo ubishi juu ya Peter Beard si ubishi wa Wazungu na Wakenya tu. Mwaka jana tu, mwenzetu mmoja alipigwa picha akisinzia darasani, ikapelekwa kwa watu na maneno ya kumcheka. Hapana aliyeandika kuwa usiku ule alikuwa amemwuguza mama yake. Tukimlaumu Beard tusijiache wenyewe.

Nafikiri mambo manne yatatufaa. La kwanza, tuombe ruhusa. Kama ni mtoto, tumwamkie mkubwa wake kwanza, kama babu alivyotaka. La pili, tuulize jina na tuliandike sawasawa. Mtu asiye na jina katika picha hugeuka kuwa pambo. La tatu, tumwulize mwenye sura nini kiandikwe chini yake, na tumsomee kabla ya kupeleka mahali popote. La nne, tumpe picha yake. Wapo wazee wengi katika vijiji vyetu waliopigwa picha mara nyingi, na ndani ya nyumba zao hamna hata moja.

Klabu yetu ya picha itaanza kazi muhula ujao kwa idhini ya Mwalimu Mkuu. Tumekusudia kuwatembelea wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge na katika reli hapa Kilosa, tuwapige picha, na kando ya kila picha tuandike habari aliyoisimulia mzee mwenyewe. Mwenye babu au bibi aliye tayari na alete jina lake kwa katibu wa klabu. Wa kwanza katika orodha ni babu yangu. Amekwisha kuchagua kanzu, na amesema atakaa chini ya mwembe ule ule.